Walikata Vyuma vya Ghala ili Mwali Apite

Mpaka leo nikipita kwenye ghala la korosho hapa kijijini kwetu Masaki damu inanichemka. Shule niliishia darasa la pili, sikatai, lakini anayemdharau mjukuu wangu mbele yangu atanisikia.

Tulikuwa tunamtoa mwali, mdogo wake huyo mjukuu. Mvua haikatiki, tukakubaliana ngoma ichezwe ndani ya ghala, kwa kuwa msimu ulikwisha na mle mtupu. Ni jengo la vyuma, bati juu na bati pembeni. Mlango wake mkubwa unatazama makaburini, na kwetu mwali anatolewa kabebwa begani, uso juu, hatazamishwi makaburi. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye aliyeshika shughuli. Akabandua mabati ubavuni, upande wa barabara, apate njia. Kati ya nguzo mbili akakuta fito za chuma zimepishana kama mkasi. Mwali hawezi kupita hapo. Akaita fundi wa kuchomea, zikakatwa.

Asubuhi mjukuu wangu mkubwa akafika kutoka Kibaha. Huyo anafanya kazi karakana wanakounda maghala ya namna hiyo, na najivunia, wala sifichi. Hata chai hakunywa, akamwendea shemeji.

"Shikamoo babu. Hizi nani kakata?"

"Marahaba, mke wangu. Mimi. Nguzo nene zote hizi ziogope vifito?"

"Watu wasiingie humu mpaka zirudi. Upepo ukija je?"

"Zimekatwa tangu jana. Limeanguka?"

Wanaume wakacheka. Mmoja akasema huko Kibaha siku hizi wanafundishwa kuogopa bati. Kumcheka mtoto wangu! Mtoto anayewaonea huruma!

Nikamvuta pembeni anieleze. Akasema kila fremu, yaani nguzo mbili na chuma cha juu kinachoziunga, ni kama mtu aliyesimama katanua miguu, na zimepangwa moja nyuma ya nyingine. Nikaelewa palepale, miguu si ninayo? Nikamrudia shemeji.

"Simama hapa. Tanua miguu."

"Shemeji, mbele za watu?"

"Tanua!"

Nikamsukuma ubavuni kwa nguvu zangu zote. Hakutikisika, akaanza kujisifu. Nikamsukuma kifuani. Akaenda kinyumenyume mpaka akakalia sufuria la pilau, bahati yake lilikuwa tupu.

"Ndivyo ghala lilivyo," nikamwambia. "Fito ndizo zilizokuwa zinalishika lisisukumwe kifuani."

Unadhani alisikia? Akajipangusa, akasema kwa ukali mwali atapita pale pale, na wanawake tukapike. Chini ya bati lile wangeingia dada zangu, wajukuu, wakwe, na watoto wachanga migongoni. Nikaondoka. Nikaingia chumbani kwa mwali, nikakaa mlangoni. Mwali hatoki bila bibi yake, hilo hata shemeji analijua.

Ngoma ikalia, ikachoka, ikanyamaza. Shemeji akaja dirishani.

"Shemeji, unatuaibisha. Wageni wamefika."

"Aibu ni kuwafukua hao wageni chini ya bati. Rudisha vyuma."

"Nikirudisha, atapita wapi? Makaburini?"

Nikaubana mlango kwa mgongo. Nilikuwa na hasira tu. Ndipo mwali, ambaye siku ile hatakiwi kusema, akaniinamia sikioni chini ya kanga.

"Bibi, si wanigeuze?"

Niligeuka nikamtazama. Watu wazima na ndevu zao wamekata chuma, na hakuna aliyefikiria kumgeuza mtoto!

Nikamwambia shemeji pale dirishani, fundi akaitwa tena. Mjukuu wangu alimsimamia mpaka kila fito ikaungwa na kukazwa, na shemeji akakaa mbali kanuna. Hadi leo anawaambia watu kwamba siku ile pale kwenye sufuria aliteleza tu.

Ngoma tukaicheza mle ndani, upepo ukavuma, mabati yakapiga kelele zake, ghala likasimama. Kisha mwali akatolewa mlango mkubwa, begani mwa mjomba wake anayekwenda kinyumenyume, mgongo ukiyaelekea makaburi. Sisi tulikuwa tunafuata tukiimba, kwa hiyo uso wake ulikuwa kwetu. Niliutazama njia nzima.