Jivu Chini ya Ploti Yangu

Kuna asubuhi moja ya Sirisia ambayo hainitoki, mwanangu. Ukungu ulikuwa bado umelalia mahindi, nami, kijana niliyetoka vibarua vya Kitale na mifuko yangu ya simiti, nimeshika jembe nichimbe msingi wa nyumba ya matofali ya kwanza pale kwetu. Kukhu, yule bibi aliyemzaa baba, akaninyang'anya jembe. Akachimba shimo la kufika magoti, akachota udongo, akafumba macho, akaunusa.

"Hapa kuna jivu," akasema. "Mtu alipikia watoto wake hapa. Sogea."

"Mtu gani, Kukhu? Si hapa palikuwa nyasi tu?"

"Kwani ni wewe wa kwanza kusikia njaa? Sogea!"

Nikasogea, nimenuna.

Shule niliiona kupitia dirisha, lakini leo nina ploti Kitale na vyumba vya kupangisha, jasho langu mwenyewe. Nimejigamba kila mahali kwamba nilianza na sifuri. Juzi nikataka kuinua gorofa. Nikaambiwa wachunguzi wa mambo ya kale waje kwanza, maana ploti ina kibonde cha mviringo kama sahani, na inasemekana ng'ombe wa watu wa zamani walilala humo.

Akaja binti mmoja, Nekesa, na mwiko mdogo. Akapima mraba palepale nilipotaka shimo la choo, akaanza kukwangua udongo polepole, polepole, mpaka nikasinzia kwenye kiti. Nilipofumbua macho alikuwa amepiga magoti, udongo kiganjani, amefumba macho, ananusa. Nilimwona Kukhu.

"Kuna jivu, kuka," akasema, akiniita babu. "Na kigae cha chungu."

Kigae kilikuwa na alama za nyasi zilizosukwa, zikabingirishwa juu ya udongo mbichi. Kukhu alitia alama hizo hizo kwenye vyungu vyake.

Nekesa akasema itabidi achimbe pote, na choo kihame. Fundi wangu, Wafula, akacheka. "Mzee, mavi ya kale hayanuki! Huyu akienda kula, si tunamwaga zege? Nani atajua?"

Binti akanitazama. Ploti ni yangu, neno ni langu.

Nikamwomba ule udongo, nikaunusa. Wewe cheka, lakini ulinuka moshi wa jana. Nikasikia ndama wakilia kibondeni, na mama akiita watoto waje kula kabla ugali haujapoa.

"Wafula," nikasema, "choo kinasogea."

"Na ramani je?"

"Ramani ni karatasi. Sogea, bana."

Basi, mwanangu, usijisifu ati ulianza na sifuri. Chini ya hiyo sifuri yako kuna jiko la mtu. Kabla hujamwaga zege, chimba kidogo, unuse, uulize, na anayekuchelewesha kwa mwiko mdogo usimwite adui. Ukifika kwa watu unapiga hodi hata kama wamelala.

Mungu akujalie nyumba isiyopasuka. Akujalie na moto usiokosa wa kuuota pamoja nawe, ili siku moja mgeni akichimba hapo ulipoishi, akachota udongo na kufumba macho, akute jivu jingi.