Kona Isiyofagiliwa

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kubeba kibuyu cha maji bila kumwaga, kihamba chetu, shamba la ukoo huko Machame, kilikuwa na kona moja ambayo ufagio haukufika. Ilikuwa chini kabisa kando ya mfereji, pale migomba inapobanana na majani kuoza juu ya majani. Kwingine kote tulipalilia, lakini kona ile bibi aliikataza. Humo waliishi vimulimuli wa chini, wale wasioruka, wanaotambaa na taa yao mkiani. Giza likianza kuingia, walikuwa wanawaka mmoja mmoja, kijani hafifu.

Bibi, mama yake baba, alisema hizo ni taa za wazee wetu tuliowazika humohumo shambani. Kazi yao ni kumwonyesha njia mtu wa nyumba aliyeko mbali. Na wetu aliyekuwa mbali tulimjua: Eliamani, mdogo wake baba, aliyevuka mpaka wa Holili kwenda kutafuta kazi Kenya kabla sijazaliwa. Hakuleta hata salamu.

"Zikizimika, atapita hapo barabarani kama mgeni, aende zake," bibi aliniambia.

Kwetu mbuzi wa Krismasi akichinjwa kila mtu ana fungu lake. Kila mwaka bibi alilikata la Eliamani, akalitundika juu ya meko, likakauka kwa moshi. Baba alimtania.

"Mama, huyo mwanao ananenepesha panya."

"Panya nao ni wa nyumba hii," bibi alijibu.

Basi mwaka mmoja shangazi alikuwa anakuja Krismasi na mume wake wa mjini, na mama akasema boma lote ling'ae. Bibi alikuwa kanisani. Nikataka kusifiwa. Nikaifagia kona, nikakusanya majani, nikayatia moto kwa makaa ya jikoni. Chini kulikobaki na unyevu nikamwaga majivu, wafe na konokono wanaokula kabichi zetu.

"Ndeshi!" mama alisema. "Leo umefanya kazi ya mtu mzima!"

Sikuwahi kusifiwa vile. Nilitembea siku nzima kifua mbele.

Jioni bibi alishuka na fimbo yake mpaka kwenye mfereji. Akasimama. Giza likakolea, pasiwake kitu.

"Nani?"

"Mimi, bibi."

"Haya," akasema, akarudi ndani.

Siku ya Krismasi mafungu yaligawanywa yakaisha. Baba, yuleyule mwenye utani, ndiye aliyesimama na kisu mkononi. "Mama, na la Eliamani?"

"Gawaneni."

Tangu siku ile alikula kama anayeonja. Mtori wake wa ndizi ulipoa mbele yake. Hakutoka tena kuota jua asubuhi, na mama alianza kumshika mkono akiinuka. Nilisikia majirani wakinong'ona kwamba huyu mwaka hamalizi. Mimi nilijua ni nani aliyemfanya hivyo.

Nikaenda mpakani mwa shamba, nikakata jani la isale, nikalifunga fundo kama nilivyoona wakubwa wakifanya wanapoomba msamaha. Kwetu anayeletewa isale hakatai. Nikampelekea bibi kwa mikono miwili.

"We mtoto," akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo, "hili ni la watu waliomwaga damu. Wewe umechoma majani."

"Pokea, bibi."

Akapokea. "Nimekusamehe. Lakini giza bado ni giza."

Kwa hiyo nikaanza kazi. Kila siku nikishamkatia ng'ombe majani, nilibeba yaliyooza kutoka ng'ambo ya mfereji, nikayatandaza konani. Siku ya tatu bibi alitoka na kigoda chake kuja kunisimamia. "Usiyapindue. Yaache na maji yake. Na hao konokono usiwaguse, ndiyo nyama ya vimulimuli."

"Sasa tunafuga konokono!" mama alilalamika. "Kabichi zangu zote!"

Masika yakapita, patupu. Kiangazi kikapita. Nilichoka, nikamwambia bibi nimechoka. Akasema na yeye pia, lete majani.

Masika yaliyofuata, jioni moja natoka kuchota maji, nikasikia ananiita. Alikuwa ameinama mpaka fimbo imepinda. Kwenye jani moja jeusi palikuwa na taa moja, ndogo kuliko punje ya ulezi. Alitazama sana.

"Ndeshi," akasema, "kuna ndizi zilizobaki?"

Alikula bakuli zima. Krismasi ile fungu lilirudi juu ya meko.

Eliamani hakurudi. Bibi aliishi miaka kadhaa bado, tukamzika karibu na mfereji.

Sasa bibi ni mimi, na magoti yangu hayataki tena mteremko ule. Mwanangu Josefu aliondoka kwenda kutafuta maisha, na simu yake siku hizi haipatikani. Binti yake Anna ndiye ninayeishi naye, na ndiye anayeniandikia haya, maana mimi shule sikuiona. Alitaka tusakafie mpaka chini, tufunge na taa kubwa.

"Bibi, kona ile ina nyoka."

"Na mimi nina miguu mibovu. Utanifagia?"

Kama vimulimuli wanamwonyesha mtu njia, sijui. Eliamani hawakumwonyesha. Ila nilimwona mtu mzima akiacha kula kwa sababu yangu, kisha nikamwona akiomba ndizi. Fungu la Josefu liko kwenye friji, limeganda kama jiwe. Siku nyingine nachoka hata kulitazama.

Jana jioni nilipofika hapo katika kumsimulia, Anna aliweka kalamu chini. Alikwenda akazima taa ya baraza, akarudi na sahani ya ndizi na vijiko viwili, akakaa upande unaotazama mferejini.

"Kula, bibi," akasema. "Tunaangalia wote."