Mlinzi Aliyelala Dirishani

Kamera yangu niliinunua Masasi, kwa mpiga picha wa harusi aliyekuwa ameamua kuhamia kwenye biashara ya ufuta. Aliponikabidhi aliniambia, "Madam, watu wa huku usiwapige picha bila kuwaambia. Na ukishawaambia, basi tena." Sikumwelewa. Nikapanda nayo Newala, nilikokuwa nafundisha sekondari, nikiwa na hamu ya kupiga watu wakiwa katika shughuli zao za kila siku.

Haikuchukua muda nikamwelewa. Nilipomwomba ruhusa mama anayeuza mihogo ya kukaanga, alisema "Ngoja," akaacha mafuta yanachemka, akarudi na gauni la Idi na viatu vya visigino. Kisha akasimama mbali na karai lake, mihogo isije ikaonekana. Fundi cherehani naye aliifunika cherehani kwa kitambaa. Nikajaza kamera watu waliosimama wima kama wanaimba wimbo wa taifa.

Ndiyo maana nilifurahi sana siku nilipomkuta mtu amelala. Alikuwa mlinzi wa ghala la korosho la chama cha wakulima, mzee mrefu mwenye koti zito hata wakati wa jua. Zamu yake ilikuwa imekwisha asubuhi ile. Alikaa juu ya magunia matupu nje ya ghala akisubiri chai, usingizi ukampitia. Rungu kwapani, mdomo wazi, na kuku amesimama juu ya buti lake. Nikapiga.

Nilikwenda kuichapisha kwenye duka la steshenari karibu na stendi. Mwenye duka alicheka mpaka akakaa chini. Nilipoondoka akachapisha nyingine, kubwa, akaibandika dirishani ili kuvuta wateja. Mimi sikujua. Nilijua kesho yake, nilipoitwa ghalani.

Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni, na pembeni yake katibu wa chama, mtu mfupi mwenye sauti ya mikutano.

"Shikamoo mzee," nikamwambia mlinzi.

"Marahaba. Mwanangu, kwa nini umenilaza?"

"Nilikukuta umelala, mzee."

"Mimi nililala kidogo tu, nikaamka. Wewe umenilaza moja kwa moja. Hivi tunavyozungumza, kule dirishani bado nimelala."

Nikamgeukia katibu, nikamweleza kwamba zamu ilikuwa imekwisha.

"Picha haisemi kama zamu imekwisha," akasema. "Picha inasema korosho za wakulima ziko ndani na mlinzi anakoroma."

"Basi nitamwambia mwenye duka aitoe."

"Ukiitoa watasema tumeificha." Akafikiri kidogo, kisha akatoa uamuzi. "Ipigwe nyingine, akiwa macho. Ibandikwe palepale."

Jioni mlinzi alikuja na koti lililopigwa pasi na mabuti yaliyopakwa mafuta ya kupikia. Mkewe alimsindikiza. Watu walikwishajaa, yule mama wa mihogo akiwa mbele na gauni lake la Idi. Nikapiga. Tukatazama kwenye kioo cha kamera: amefumba macho. Nikapiga tena: amefumba. Kila nilipobonyeza, alifumba, kana kwamba kidole changu na kope zake vimefungwa uzi mmoja.

Ushauri ukaanza kumiminika. Wakamnawisha maji baridi. Wakamwambia akodoe kwanza, apumzike, akodoe tena. Mkewe akajificha nyuma yake akamshika kope kwa vidole, tukapata picha ya mtu aliyeota vidole kichwani.

"Hata siku ya ndoa yetu alifumba," mkewe akasema. "Ndugu zangu walidhani hataki."

Katibu akachoka. Akaninong'oneza nikae tayari, akapumua, akapiga ukelele: "Mwizi!"

Macho ya mlinzi yalifunguka kweli, lakini na miguu nayo ilifunguka. Aliipuliza filimbi yake akatimka kuzunguka ghala, rungu juu. Watu wakamfuata. Wengine waliokuwa wanapita tu barabarani wakaingia katika msafara bila kuuliza, na katibu akakimbia nyuma yao akipiga kelele kwamba hakuna mwizi, jambo lililowafanya wa mbele wadhani yeye ndiye anayeutetea wizi. Nusura apigwe. Mimi nilikuwa nabonyeza tu.

Vumbi lilipotulia, picha moja ndiyo iliyofaa. Mlinzi yuko mbele, koti linapepea, filimbi mdomoni. Nyuma yake mama wa mihogo, kiatu kimoja mkononi. Tukaisogeza karibu tumwone mlinzi usoni. Amefumba macho.

"Hakuna mtu anayelala huku anakimbia," mlinzi akasema.

"Huyo hamumjui," mkewe akajibu.

Katibu akaipitisha. Ikabandikwa dirishani kando ya ile ya kwanza, nami nikarudi nyumbani nikidhani mambo yamekwisha. Kumbe watu walizitazama mbili zile kwa kufuatana: kwanza mlinzi amelala, halafu mlinzi anakimbiza mtu. Wakajua wenyewe kilichotokea katikati. Sokoni niliulizwa kama mwizi alikamatwa. Wanafunzi wangu walisema alitokea upande wa Masasi. Kwenye mkutano wa chama wakulima walimpongeza mlinzi kwa kuamka kwa wakati, wakamnunulia tochi mpya, na katibu, aliyekuwa anajua kila kitu, akasimama akapiga makofi pamoja nao.

Baadaye nilimkuta mzee ghalani anawasimulia wapakiaji wa magunia. Mwizi alikuwa mrefu, alisema, na alikimbia kama swala. Nilisubiri waondoke, nikamuuliza kwa heshima zote, "Mzee, mwizi yupi huyo?"

Alinitazama kwa huruma, macho wazi kabisa.

"Si yule uliyekuwa unampiga picha, mwanangu, akakukwepa?"