Kadi Chini ya Mlango

Ibada ilikuwa haijafika hata wimbo wa pili, na tayari Mzee Gundi alikuwa ameuangalia mlango wa ubavuni mara sita. Huo ndio mlango ambao Bibi Mkunga huupitia kila Jumapili, mkoba mweusi kwapani, miwani imefungwa kwa uzi, hadi benchi la tatu. Leo benchi la tatu lilikuwa na pengo la mtu mmoja. Waliokaa huku na huku walikuwa wamemwachia nafasi yake kwa mazoea, kana kwamba mwenyewe ametoka kidogo na atarudi.

Jina la Gundi alipewa na wateja. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa akishona na kubandika viatu katika kibanda chenye upana wa meza moja, na harufu ya kazi hiyo ilikuwa imemwingia mpaka kwenye suti ya kanisani. Kwa miaka kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa pia mzee wa kanisa, na nyumba kumi na saba za ng'ambo ya reli zilikuwa chini ya uangalizi wake.

Katika kanisa lao, kazi ya mzee si kukaa viti vya mbele. Katika wiki ya kabla ya Meza ya Bwana, kila mzee hupita katika nyumba zake akiwa na kadi ndogo nyeupe, ruhusa ya kuikaribia Meza. Huingia, huketi, humtazama mwenye nyumba usoni, kisha humwuliza swali moja tu: "Una amani na Mungu na watu?" Akishajibiwa, ndipo hutoa kadi, mkono kwa mkono. Jumamosi saa kumi jioni wazee hukutana, na kila mmoja hutamka mbele ya wenzake idadi ya nyumba alizoziona. Hakuna anayemkagua mwenzake. Neno la mzee linatosha.

Na jana Mzee Gundi alichelewa. Askari mmoja alikuwa amesimama kibandani tangu saa saba, mguu mmoja una kiatu, mwingine una kandambili, akiapa kwamba basi lake haliwezi kuondoka bila yeye wala yeye hawezi kupanda bila kisigino. Alipomaliza kisigino hicho, zilikuwa zimebaki nyumba nne. Alipofika ya mwisho, kwa Bibi Mkunga, ilikuwa saa kumi kasorobo.

Alibisha mara mbili. Ndani alisikia sauti ya chini, ya taratibu, kama ya mtu anayesoma taarifa. Redio, akawaza. Bibi alikuwa mpenzi mkubwa wa redio. Tena kuingia kwa Bibi maana yake ni chai, na chai maana yake ni kusimuliwa upya jinsi mtoto wa pili wa Gundi mwenyewe alivyozaliwa akitanguliza miguu. Akainama, akasukuma kadi chini ya mlango, akaondoka mbio.

"Mzee Gundi?" aliita kikaoni Katibu wa baraza la wazee, mwalimu mstaafu ambaye mpaka leo hushika kalamu kama anayesahihisha mtihani.

"Kumi na saba. Zote nimeziona kwa macho yangu."

Katibu akaandika.

Asubuhi ya leo, mkewe alipokuwa akimpigia pasi shati, aliuliza tu, bila nia yoyote: "Baba watoto, Bibi Mkunga mguu wake unaendeleaje?"

"Mguu upi?"

"Si alikuwa anachechemea Ijumaa? Kwani jana hukumwona?"

"Nilimwona."

"Ukamwona usione mguu?" Mkewe alicheka. "Wewe mtu akija kwako unaangalia kiatu, mwenye mguu shauri yake."

Yeye hakucheka. Alivaa shati likiwa bado na moto wa pasi.

Sasa Meza ya Bwana ilikuwa imeanza, naye amesimama kwenye safu ya wazee, sinia la vikombe mikononi. Huenda Bibi amechelewa. Huenda amepitiwa na usingizi. Lakini lini Bibi Mkunga alipitiwa na usingizi? Mwanamke aliyezalisha nusu ya watu waliokaa humu ndani, ambaye husema mwenyewe kwamba watoto wa watu ndio waliomfundisha kulala jicho moja wazi! Basi atakuwa na mafua. Angekuwa na mafua redio isingewaka. Redio ilikuwa inawaka, kwa hiyo yuko salama. Ilikuwa inawaka, aliisikia kwa masikio yake mwenyewe, ile redio yake ya...

Vikombe vikagongana kwenye sinia.

Redio ya Bibi Mkunga haikuwa kwa Bibi Mkunga. Yeye mwenyewe Mzee Gundi aliibeba, siku kumi zilizopita, akaipeleka kwa fundi redio wa kibanda cha jirani. Ilikuwa bado juu ya rafu, imebandikwa karatasi yenye jina la mwenyewe. Aliipita jana hiyohiyo alipokuwa akifunga kazi.

"Una baridi?" Katibu alimnong'oneza. "Songa, safu yako inasubiri."

"Nishikie sinia."

"Nina langu, mzee mwenzangu. Unakwenda wapi?"

"Kwa Bibi Mkunga. Jana sikumwona."

"Ulisema..."

"Nilidanganya. Shika!"

Alidhani amenong'ona. Lakini kinanda kilikuwa kimenyamaza, na neno hilo lilikwenda mpaka kwa kwaya. Alitoka kwa mlango wa ubavuni huku watu mia mbili wakimtazama mgongo.

Alikimbia kama alivyoweza mtu wa miaka yake. Soli ya kiatu chake cha kulia, ambayo alikuwa akijiahidi kuibandika tangu mwezi uliopita, ilifunguka penye reli ikawa inapiga makofi kila hatua. Aliomba njiani, bila mpangilio, maneno yaleyale: asiwe amekufa, Bwana, asiwe amekufa.

Mlangoni, ncha nyeupe ya kadi ilikuwa bado inachungulia. Hakuna aliyeigusa.

"Bibi! Bibi Mkunga!"

Akagonga kwa viganja viwili.

"Nani huyo?" Sauti ilikuwa ileile ya chini, ya taratibu.

"Ni mimi, Gundi!"

"Gundi yupi? Yule wa jana alikuwa na haraka."

Alijaribu kitasa. "Nifungulie, Bibi."

"Ningeweza kufungua ningekuwa kanisani. Ufunguo wa nyuma uko chini ya ndoo. Jana nilikuambia hivyohivyo, ukaondoka."

Alimkuta kwenye sakafu ya jikoni, kati ya meza na jiko, amejifunika kitambaa cha meza. Jagi la plastiki lilikuwa limelala kando yake, tupu. Midomo ilikuwa imepasuka, na mguu wa kushoto ulikuwa umegeukia upande usio wake.

"Usinivute," alisema Bibi, kwa sauti aliyokuwa akiitumia wodini. "Maji kwanza, kidogo kidogo. Halafu mto chini ya goti. Si hapo. Hapo. Na usilie, mwanangu, utanilowesha."

Alipokwisha kunywa, alifumba macho kitambo. "Kadi yangu iko wapi?"

Mzee Gundi alikwenda mlangoni akaiokota, akaipangusa vumbi kwenye suruali, akarudi kumnyooshea.

"Uliza kwanza."

Akapiga magoti. Aliuliza lilelile aliloliuliza katika nyumba za watu kwa miaka kumi na tisa. "Bibi, una amani na Mungu na watu?"

"Na Mungu, tuliongea usiku kucha, tuko sawa. Katika watu kuna mmoja."

"Nisamehe."

"Ngoja nitoke sakafuni kwanza."

Gari la mchungaji lilifika muda si mrefu, Katibu akiwa ndani, daftari la baraza kwapani. Hakuwa amelisahau hata katika haraka ile. Walimlaza Bibi juu ya godoro, wakamtoa polepole. Kabla mlango wa gari haujafungwa, Mzee Gundi alisema, "Katibu, futa. Andika kumi na sita."

"Tutalizungumza kwenye baraza."

"Huko nitasema pia, na mkiniondolea nyumba zangu nitaelewa. Ila hili andika sasa, mwenyewe akisikia."

Mchungaji alitikisa kichwa kukubali. Katibu aliweka daftari juu ya paa la gari, akakata saba, akaandika sita.

Mzee Gundi akauliza tena, kupitia dirisha, kadi mkononi. Bibi alimtazama, uso umekunjamana kwa maumivu.

"Bado," alisema. "Njoo hospitali kesho, uniulize. Na ukija, ukae."

Akairudisha kadi mfukoni, akaingia nyuma ya gari, akaushika ule mguu kwa mikono miwili ili usitikisike njiani.