Mguu wa Mnara Niliomsingizia Zena

Nimekosa, na sikukosa kwa bahati mbaya. Naandika bila jina kwa sababu bado ni mwoga, na mtaona hivi punde kwamba uoga wangu haukuanza leo. Msinipe pole. Pole wapewe wanaostahili.

Mimi ni mtoto wa Bagamoyo mjini, kwenye zile nyumba za kale ambazo mlango una nakshi na paa linavuja. Kwetu tulilelewa tukiambiwa sisi ni watu wa mji, na watu wa mashamba kazi yao ni kutuletea mihogo. Nilimaliza kidato cha sita kwa matokeo ya aibu, nikakaa barazani miaka miwili nikisubiri kazi ya ofisini inifuate. Haikunifuata. Mjomba akachoka kuniona, akanitafutia nafasi ya uanagenzi kwenye karakana ya kuchomelea vyuma pale Kerege. Unafundishwa miaka miwili, na kila mwezi unapewa posho. Vijana wangapi wanaililia nafasi kama hiyo! Mimi niliipokea kama mtu aliyepewa kiporo.

Mwenye karakana alikuwa Fundi Kondo, mtu wa makamo aliyeishia darasa la nne. Vipimo alivisoma kwa kidole. Kila asubuhi nilimpa shikamoo ya mdomoni, moyoni nikimcheka.

Mwanagenzi mwenzangu alikuwa Zena, mtu wa Miono. Alinizidi kama miaka sita, ameachika, mikono ina sugu za jembe, na akikasirika Kikwere cha kwao kinamtoka. Baba yake hakutaka kabisa aje kujifunza kazi ya kiume. Zena alimbembeleza mwaka mzima mpaka mzee akanyamaza. Huyo ndiye niliyemdharau kupita wote.

Miezi ya mwanzo hatukushikishwa moto. Tulikata, tukasugua kutu, tukagonga lile ganda linalobaki juu ya weldi, ambalo mafundi wanaliita mavi ya chuma. Zena aligonga na kusugua mpaka chuma kikang'aa kama sahani ya Idi. Mimi nilikuwa napiga picha nimevaa kinyago cha kuchomelea, nazirusha mtandaoni wasichana wanisifu. Jioni nikirudi mjini nawaigizia rafiki zangu anavyoongea Zena, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mpumbavu mmoja akiwachekesha wapumbavu wenzake.

Mwaka wa pili Fundi Kondo alipata kazi Msata, kwenye madrasa moja. Walitaka mnara wa kuwekea tenki la maji. Miguu minne ya bomba la chuma, kila mmoja umeungwa katikati. Akatugawia, Zena miwili na mimi miwili. Akatuambia kwenye viungo tusiache hata uwazi wa unywele, maana maji yale yatakaa juu ya vichwa vya watoto wa watu.

Mguu wangu wa pili niliukata mfupi. Pengo lilikuwa la kuingia kidole. Dawa yake ilikuwa kukata bomba jingine na kuanza upya, lakini ilikuwa Alhamisi, na mjini kulikuwa na harusi ya binamu yangu. Nikachomeka kipande cha nondo kwenye pengo, nikachomelea juu juu, nikapiga grainda pakalainika, nikapaka rangi. Kwa macho, ulikuwa mguu mzuri kuliko yote. Zena akaniuliza mbona nimemaliza upesi hivyo.

"Wengine tumesoma, dada," nikamjibu.

Wiki ya tatu baada ya mnara kusimamishwa, watu wa madrasa walipiga simu kwamba mnara unatoa mlio kila tenki likijaa. Fundi Kondo hakumtuma mtu, alikwenda mwenyewe nasi tukamfuata. Akawatoa watoto wote uani, kisha akapanda ngazi kuyafungulia maji yatoke. Akiwa juu, mguu ukakatika. Mnara ulilala taratibu kama ng'ombe anayetaka kupumzika, halafu ukaenda chini wote kwa pamoja. Hakuna mtoto aliyeumia. Fundi Kondo alivunjika nyonga.

Tulipokwisha kumfikisha hospitali, mdogo wake, ambaye ndiye aliyebaki akiangalia karakana, alituuliza mguu uliokatika ulichomelewa na nani. Vyuma vilikuwa vimekunjamana, rangi moja, huwezi kuvitofautisha. Mimi sikusita.

"Ni wa dada Zena," nikasema.

Nilitarajia abishe, na maneno ya kumshinda nilikuwa nayo tayari. Hakubisha. Aliitazama mikono yake mbele na nyuma, kama mikono ya mtu mwingine. Siku ya pili akaja karakana kuacha glovu zake juu ya meza, akaondoka. Nami, mtu wa mji, nikahesabu nimeshinda.

Miezi minne ikapita. Fundi Kondo aliporudi nyumbani aliagiza aletewe kile kiungo kilichokatika. Nilikipeleka mwenyewe, nikidhani mzee ameishiwa, anataka kuuza chuma chakavu. Akaketi kitandani, akapitisha dole gumba juu ya weldi polepole, akafuata kila kona. Alikuwa ametufundisha kwamba kila fundi ana mwandiko wake kwenye chuma. Sikuwahi kumsikiliza. Mtu wa darasa la nne akanisoma wote, mwanzo hadi mwisho.

"Huu si mkono wa Zena," alisema.

Akakiweka kile kiungo sakafuni, akanigeukia.

"Nyonga yangu nimekusamehe. Nenda Miono."

Nikapanda basi hadi Msata, kisha bodaboda. Nilimkuta Zena uani kwa baba yake, anapukuchua mahindi. Nikamwamkia mzee, nikakaribishwa mkekani, nikaletewa maji ya kunywa. Watu niliowafanya kichekesho walinikirimu kabla hata ya kuniuliza nimefuata nini. Nikasema yote, baba yake akisikia.

Zena aliniuliza jambo moja tu. "Kwa hiyo si mimi niliyemvunja fundi?"

"Si wewe."

Akajifunika uso kwa kanga. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ndogo. "Miezi minne naomba toba. Kila weldi niliyopiga nimeirudia kichwani, sioni nilipokosea. Nikasema basi, mimi sina macho ya kazi hii."

Kwa matusi nilikuwa nimejiandaa. Kwa hilo sikujiandaa. Nilidhani nimemnyang'anya kazi, kumbe nilimfanya asiyaamini macho yake mwenyewe.

Baba yake akaniambia, kwa adabu zote, nimalize maji yangu niende.

Zena hakukubali kurudi gari moja na mimi. Alikuja Jumatatu, peke yake, na Fundi Kondo akampokea. Leo fundi anatembea kwa mkongojo, na hakuna geti wala mnara unaotoka pale kabla Zena hajaupitia kiungo kwa kiungo. Mimi hakunirudisha, wala sikuthubutu kuomba. Kutoka Bunju mpaka Bagamoyo mafundi wanajuana. Karakana zote nilizobisha hodi ziliniambia nafasi zimejaa. Sasa naziba pancha za pikipiki kando ya barabara, na mama anawaambia majirani mwanawe ni injinia. Hata hilo sijapata ujasiri wa kulikanusha.

Wewe uliyeanza uanagenzi mahali, unayemcheka mwenzako kwa lafudhi yake na fundi wako kwa shule yake, sitakukataza kucheka. Utacheka tu, nakujua. Ila siku ukikosea, sema siku ile ile. Chuma ukikikosea unakata, unaanza upya, hakikuwekei kinyongo. Na kama kosa umeshamtwisha mwenzako, usijifariji kwamba amenyamaza kwa sababu hana la kusema. Huenda yuko kwao saa hizi, ameinamia ungo wa mahindi, na amekuamini.