Futi Yangu Haidanganyi, Suruali Ndiyo Imeniangusha

Wakubwa, leo nimerudi kazini kwa kishindo. Kishindo chenyewe kimesikika Gitega nzima.

Mimi, fundi niliyevalisha mabwana harusi kuanzia Kampala hadi Bukavu!

Mteja wa kwanza, Fidèle. Jumamosi ni gusaba yake, anaenda ukweni kuomba mke, na suruali niliyomshonea kabla ya Noeli haifungi.

"Fundi, umeipunguza!"

"Mimi? Futi yangu ya kupimia haikula brosheti za nyama sikukuu nzima. Wewe umekula za ukoo mzima."

Akanuna. "Basi leta, napeleka kwa fundi mwingine."

Nikainama haraka nimwonyeshe kitambaa nilichoacha ndani ya mshono, kinatosha kuipanua.

Rraaaa!

Si suruali yake iliyochanika. Yangu. Kutoka kiunoni hadi Tanzania.

Fidèle kacheka mpaka kakaa chini. "Yebaba we! Sasa iko sawa. Fundi mwenye tumbo kama langu ndiye atanielewa. Panua!"

Kwa hiyo Jumamosi bwana harusi atapendeza, msiwe na wasiwasi.

Ila fundi wa kimataifa yuko nyuma ya cherehani, kajifunga kitenge cha mteja, anashona suruali yake mwenyewe.

Nyinyi wa maofisini, vifungo viko salama, au leo hakuna aliyethubutu kuinama?