Pike Yenye Iliota Majani

Mama mukubwa, dada ya mama yangu, njo alinilea mu nyumba yake ya Saio, mutaa moja ya muji. Mutu akimugusa, nawaka. Masomo nilijifunza mwenyewe, lakini hasira nilizaliwa nayo.

Siku moja batu ya kupanga muji balituita ku mukutano. Ingénieur yabo, mukubwa ya mafundi, akasema: "Tunataka développement durable, maendeleo yenye kudumu. Mwenye kukata muti ni adui ya muji!" Siye tulipiga makofi, tukakunywa fanta yabo. Kesho yake, bakasimika pike, fimbo za kuonyesha fasi barabara mupya itapita, katikati ya jiko ya mama mukubwa. Ni kusema nyumba itavunjwa.

Nilitaka kuzing'oa. Mama mukubwa akanishika shati: "Weye, hasira yako itavunja hii nyumba kabla barabara haijafika!"

Nikaziangalia muzuri zile pike. Nikacheka. Bafanyakazi balikuwa bavivu kutafuta mbao. Balikata fimbo mubichi ku lupango, kiwanja ya jirani, ile muti tunasimikaka ku mupaka sababu haikatalake kuota. Basi kila asubuhi nikazitilia maji yenye mama mukubwa alisafishia masahani.

Balikawia kurudi. Mvua ikanyesha. Siku balirudia, pike zote ziko na majani.

"Nani alipanda miti hapa?" ingénieur akapiga kelele.

"Ni weye, papa," nikajibu. "Tunakushukuru sana."

"Ng'oeni hii!"

Shefu ya kartiye, muzee ya pole pole mwenye kuongoza mutaa yetu, akakohoa: "Hapana, bwana. Hapa kwetu muti ya mupaka haitokake kama batu ya pande zote mbili habakubali."

"Na mwenye kukata muti," nikaongeza, "ni adui ya nini tena? Nilisahau."

"Muache papa apumue," mama mukubwa akasema, anaficha kicheko mu kitambaa.

Balibishana mpaka saa sita. Mwisho bakasogeza mustari ya barabara mupya upande ingine ya njia. Mama mukubwa akacheza. Miye pia nikacheza, mpaka nikaona fasi mustari mupya inapita: mu kibanda yangu ya kutengenezea telefone. Nikaacha kucheza.

"Weye kunyamaza?" mama mukubwa akauliza. "Uko mugonjwa?"

"Nimeshiba tu, mama."

Safari hii balisimika pike ya chuma. Kesho asubuhi nikakuta mama mukubwa ku kibanda yangu na beseni yake, anaimwagia pike maji.

"Mama, hiyo ni chuma."

"Nyamaza. Leta maji ingine."